Tokeni Chini ya Leso

Kaveke Ndolo alikuwa mtu wa kulala na simu chini ya mto, na hakuwahi kulalamika. Kampuni aliyofanyia kazi ilikuwa Kitengela, ghorofa ya pili ya jengo lenye hadwea na bucha chini yake. Watu waliokuja kununua misumari na mbavu za mbuzi hawakujua kwamba juu ya vichwa vyao, katika chumba chenye baridi ya kuvalia sweta, kulisimama kompyuta nyeusi kubwa kama kabati la nguo, na kwamba ndani ya kabati hilo waliishi wapangaji.

Wapangaji ni neno la Kaveke mwenyewe. Seva ilikuwa moja, lakini imegawanywa vyumba vyumba kama ploti ya kukodisha. Chumba kimoja ni cha hospitali ndogo, kingine cha sacco ya walimu, kingine cha kampuni ya maji, na kila mmoja aliona kwamba kompyuta nzima ni yake. Kila chumba kilipewa prosesa zake, yaani bongo za kufanyia hesabu. Kulikuwa pia na prosesa za akiba, ambazo zilikuwemo ndani ya mashine tangu ilipotoka kiwandani lakini zimelala. Ukizihitaji, unawaomba waliokuuzia mashine, wanakutumia mstari mrefu wa herufi na tarakimu, unauandika, nazo zinaamka bila mtu kushika bisibisi. Mstari huo ofisini waliuita tokeni, kwa sababu ulifanana na ile ya stima ambayo kila mtu anaijua.

Haya yote Kaveke aliyajua peke yake, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Purity, msichana wa kuhudumia wateja, alikuwa amemwomba mara nyingi amfundishe. "Nitakufunza, Purity. Ngoja tu nipate nafasi," Kaveke alimjibu kila mara, akaenda na kadi yake ya mlango ikining'inia shingoni kama medali. Ni yeye aliyeweka sheria kwamba chumba cha seva kiingiwe na watu wawili tu, yeye na mkurugenzi, Joram. Na Joram, mwanaume mpole aliyependa mikutano, alikuwa akiingia humo tu anapowaonyesha wageni.

Juma lile mpangaji wa maji aliongezewa mzigo. Kampuni hiyo ilikuwa imeunganisha mita mpya za mtaa mzima upande wa Noonkopir, zile za kununua maji kwa simu kwanza ndipo bomba lifunguke. Mashine ikaanza kujikokota. Mtu ananunua maji, anasubiri, anasubiri, anasuuza kikombe kwa mate. Kaveke akaomba prosesa za akiba, na tokeni ikaja Jumamosi asubuhi, siku ambayo Kitengela yote inafua nguo.

Jumamosi hiyohiyo Kaveke alikuwa anaposwa.

Mposaji aliitwa Saruni Lemein, daktari wa mifugo kutoka Kajiado. Walikutana palepale buchani, Saruni akikagua nyama na Kaveke akiinunua, wakabishana kuhusu maini hadi wakapeana namba. Sasa ilikuwa siku ya ntheo, siku ambayo kwa Wakamba upande wa mwanamume huleta mbuzi nyumbani kwa binti ili ijulikane kwamba huyu sasa ana mwenyewe. Wazee wa Kimaasai walikuwa njiani kutoka Kajiado na mbuzi wao kwenye pikapu. Nyumbani kwa kina Kaveke ni Matasia, ambako baba yake, Mzee Ndolo, alijenga alipostaafu ualimu.

Kabla ya kuvaa, Kaveke alimtumia Joram ile tokeni kwa simu, na maelezo mafupi.

"Hii ni kuandika tu," Joram alisema. "Nimeandika tokeni za stima maisha yangu yote. Wewe enda uposwe."

Mkuu wa shughuli upande wa wanawake alikuwa Anti Kalunde, dada yake Mzee Ndolo, aliyekuja kutoka Machakos siku mbili kabla na kuikamata nyumba nzima. Ni yeye aliyetaka mchezo wa leso: wasichana wanafunikwa kutoka utosini hadi vidoleni, wanapangwa mstari, halafu wageni wamtafute bibi harusi wao. Wakimkosa, wanalipa faini ya mbuzi. Mchezo huo haukuwa wa Wakamba wala wa Wamaasai. Anti Kalunde aliuona kwenye sherehe ya jirani, akaupenda, akauchukua.

"Na simu zote hapa," akasema, akiwapitishia wasichana sufuria ya ugali. "Sitaki bibi harusi wa kujulikana kwa mlio."

Kaveke aliweka simu yake kuukuu ndani ya sufuria kwa utiifu mkubwa. Ile nzuri akaiacha ndani ya blauzi, sauti imezimwa, waya wa sikioni umepita chini ya nywele.

Walikuwa tayari wamefunikwa chumbani, wakisikiliza pikapu ikiingia getini, simu ilipomtetemekea kifuani.

"Kaveke," ilisema sauti ya Joram, "hii kitu imekataa."

"Imekataa mara ngapi?" alinong'ona.

"Kidogo tu."

"Bosi. Mara ngapi?"

"Nne."

Leso ikaanza kumchoma. Mashine ile ilikuwa na tabia yake: ukikosea tokeni mara tano inajifunga, haikusikii tena mpaka uizime yote uiwashe upya. Na kuizima ni kuzima maji, sacco na hospitali kwa pamoja.

"Usiguse kitu. Umevaa miwani?"

"Miwani iko kwa gari."

"Na gari iko wapi?"

"Kwa fundi."

Kaveke akafumba macho, ingawa tayari alikuwa gizani. Sasa alielewa. Ndani ya tokeni ile kulikuwa na B nyingi na nane nyingi, na kwa mtu asiye na miwani hao ni mapacha. "Basi mwite Purity akusomee."

"Purity haruhusiwi kuingia. Si ni wewe uliweka hiyo sheria? Na ako huko reception na watu wa mitungi, kampuni ya maji imewaelekeza kwetu, wengine wamekuja na mabeseni."

Kabla Kaveke hajajibu, mlango ulifunguliwa na Anti Kalunde akawaswaga wote kuelekea sebuleni, wakishikana mikono kama vipofu. Wakasimamishwa ukutani. Kaveke aliipandisha simu mpaka mbele ya uso, ndani ya leso, akaifungua tokeni.

"Nitakusomea polepole," alinong'ona. "Nne. B ya bata. Nane, namba nane. D ya dawa."

"D ya dada?"

"D yoyote, bosi, ni ileile."

Wageni walikuwa wameketi. Aliyewaongoza ni Mzee Kuntai, mjomba wake Saruni, mwanaume wa shuka nyekundu na sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Aliwasalimu wanawake, "Takwenya!" na Anti Kalunde, ambaye alikuwa amefanyishwa mazoezi tangu asubuhi, akaitikia, "Iko!" kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Halafu mzee akaambiwa masharti ya mchezo.

"Sisi tumekuja kumuona mtoto, nyinyi mmemfunika," alisema. "Sawa. Nyumba ni yenu."

Akainuka, akapita mbele ya mstari taratibu, mikono nyuma. Saruni alimfuata. Walipofika katikati, mzee akasimama.

"Hii moja inawaka," akasema.

Kweli ilikuwa inawaka. Mwanga wa simu ulipenya leso ya manjano hadi maua yake yakaonekana kama yamo dirishani.

"Ni rangi tu, hiyo," Anti Kalunde akasema haraka.

"Na inaongea."

Wote wakatega sikio. Kutoka ndani ya leso inayowaka ilisikika sauti ndogo: "F ya fisi. Sifuri. Hapana, bosi, sio O. Hakuna O. Sifuri."

Saruni aliuma mdomo wake wa chini, akaangalia dari. Alishajua, lakini adabu ilimzuia kumtangulia mjomba. Anti Kalunde naye aliona mbuzi wa faini akipotea mbele ya macho yake, akamfinya Mumo, binti yake aliyekuwa ndani ya leso ya pembeni. "Na wewe ongea!"

Mumo alikuwa mwepesi kuelewa. "M ya mandazi!" akapaza.

"K ya kuku!" akadakia mwingine.

"T ya tumbo!"

Mara ukuta mzima wa leso ukawa unataja herufi kama darasa la chekechea lililoachwa bila mwalimu. Vijana wa upande wa Kajiado wakaanza kucheka.

"Nimeweka M," Joram akasema sikioni mwa Kaveke. "Halafu kuku."

"Kuku gani? Hakuna K! Hakuna M! Herufi za tokeni ni A mpaka F tu!"

"Lakini nimesikia mandazi wazi kabisa."

"Futa! Futa yote! Usibonyeze kuingiza! Tunaanza tena, tokeni yote."

"Nini? Kuna kelele, sikusikii."

Na hapo subira ya Kaveke ikakatika. Alisahau alipo. Alijaza mapafu, akapiga ukelele uliosikika hadi jikoni:

"TOKENI! Nasema TOKENI! TOKENI YOTE, SASA HIVI!"

Nyumba ikanyamaza. Hata kuku na mandazi wakanyamaza. Mzee Kuntai alibaki amesimama mbele ya leso ya manjano, uso wake haujabadilika. Kisha akageuka kwa wenzake.

"Mmesikia," akasema, bila hasira. "Tumeambiwa tokeni nyote. Na ni sasa hivi."

Akachukua rungu lake mezani. Wazee wengine wakainuka mmoja mmoja, wakakung'uta shuka. Mmoja aliyekuwa ameshauma kipande cha andazi alikirudisha kwenye sahani, akakitazama kwa huzuni, akafuata wenzake. Mzee Ndolo alijaribu kusema "Jamani" lakini sauti haikutoka. Anti Kalunde aliketi sakafuni kama mtu aliyekatwa miguu.

Wakati Kaveke anajinasua kutoka kwenye leso, wageni walikuwa wameshafika getini na mbuzi wa kwanza anarudishwa kwenye pikapu. Alitoka mbio bila viatu, leso imemzunguka shingo, waya wa simu unamfuata kama mkia.

"Baba! Mzee! Ngojeni!" alilia. "Sio tokeni ya kutoka! Ni tokeni ya kuandika! Kama ya stima!"

Mzee Kuntai akasimama. "Stima imeisha?"

"Maji! Watu wa Kitengela hawana maji. Kuna mashine kazini, imelemewa, inataka tokeni ndiyo watu wapate maji, na aliyeshika hiyo mashine haoni vizuri, na mimi ndiye niko na hiyo tokeni, na Anti amenifunika." Akaishiwa pumzi. "Nilikuwa naongea na yeye. Sikuwa naongea na nyinyi. Mimi nawataka. Nawataka sana."

Akasikia alichosema. Saruni, aliyekuwa ameshika kamba ya mbuzi, alitabasamu hadi masikioni.

Mzee Kuntai alimtazama msichana huyu mwenye vumbi miguuni. Mambo ya mashine hakuyafuata, lakini neno maji alilifuata vizuri sana.

"Watu hawana maji," akawageukia waliotoka nyumbani kuja kutazama, "na nyinyi mnacheza kufunikana? Nyamazeni wote. Mtoto awape watu maji."

Pakawa kimya kiasi cha kusikia mbuzi akitafuna. Lakini jua la saa sita lilipiga juu ya kioo cha simu na Kaveke hakuweza kuona herufi. Basi mzee akaichukua leso ya manjano, akaikunjua, akaishika juu ya kichwa cha msichana kwa mikono miwili kama hema, na chini ya kivuli hicho Kaveke akasoma tokeni tangu mwanzo. Kila alipotaja herufi Joram aliirudia, na kila ilipofika B mzee aliongeza kwa sauti yake ya ng'ambo ya bonde, "Ya bata! Sio nane!" hata kabla ya kuulizwa. Joram hakujua ni nani, lakini alianza kumjibu, "Ndio, mzee."

"Sasa bonyeza," Kaveke akasema.

Sikioni mwake kukasikika mguso mmoja wa kitufe.

"Imekubali!" Joram alipiga kelele. "Imekubali, Kaveke! Imeandika prosesa zimewashwa!"

Akakata simu. Anti Kalunde, aliyekuwa amefufuka, akapiga kigelegele, wanawake wakaitikia, mbuzi wakateremshwa upya. Kaveke alipangusa jasho, akakumbatiwa na mama yake, na alikuwa karibu kabisa kuwa na furaha wakati simu ilipoita tena.

Ilikuwa Purity. "Kaveke, Director anasema imetengenezwa. Lakini huku maji bado. Kuna mama amekaa juu ya mtungi wake, anasema hatoki mpaka ujazwe."

Kaveke alisimama katikati ya ua, mkono mdomoni. Alikuwa amesahau. Tokeni huamsha prosesa tu, haiwapi wapangaji. Zilikuwa zimeamka sasa, zimekaa ndani ya mashine zikisubiri mtu aziambie ziende chumba gani, na hiyo hatua ya pili hakuiandika kwenye maelezo yake. Hakuwahi kuiandika popote. Kwa nini aiandike, wakati yeye yupo?

"Nini tena?" Mzee Kuntai akauliza.

"Zimeamka, mzee, lakini hakuna mtu amezipa kazi."

"Ah," akasema mzee. "Niko na watoto kama hao nyumbani."

"Nipe Director," Kaveke akamwambia Purity.

"Ameshuka chini kununua nyama ya kusherehekea. Simu ameiacha hapa inachaji. Na kadi ya mlango."

Kutoa neno lililofuata kulimgharimu kuliko kukimbia bila viatu mbele ya wakwe. "Purity, chukua hiyo kadi. Ingia."

"Mimi?"

"Wewe. Vaa sweta."

Akamwelekeza, polepole. Ile orodha ya vyumba imefunguka? Imefunguka. Chagua kampuni ya maji. "Hii ya juu?" Hapana, hiyo ni hospitali, usiiguse hospitali hata kwa pumzi! Ya chini yake. Sasa ongeza prosesa, mbili zinatosha. Purity aliuliza swali moja tu, tena swali zuri, kama mpangaji atahitaji kuzimwa ndiyo apewe. Hapana, anapewa akiwa kazini vilevile. "Sawa," Purity akasema, na kabla Kaveke hajafikia sentensi iliyofuata, akaongeza, "Nimeshaweka."

"Umeshaweka?"

"Ile mistari myekundu ya mzigo imeshuka. Ngoja nitoke nje." Zikasikika hatua, mlango, kisha sauti za watu wengi na mabeseni yakigongana. "Yule mama amepata ujumbe kwamba bomba lake limefunguka. Amesimama! Wanaondoka, Kaveke!"

Kaveke aliangalia simu. Furaha ilikuwepo, lakini pembeni yake kulikuwa na kitu kidogo kikali, kama kokoto kwenye kiatu. Ilimchukua Purity muda mfupi sana kujifunza jambo ambalo yeye alikuwa amelifanya siri.

Ndani, mjadala ulikuwa umeshawaka. Mzee Kuntai alisema bibi harusi ameonekana, mchezo umeisha. Anti Kalunde alisema ameonekana kwa kujitoa mwenyewe, hakuchaguliwa, na hiyo haihesabiki. Kila upande ulikuwa na mashahidi. Mwishowe Mzee Ndolo, kwa sauti yake ya ualimu iliyorudi, akaamua mchezo urudiwe. Wasichana wakafunikwa tena. Mzee Kuntai hakuhangaika hata kidogo. Alipita mstari mara moja, akaona leso ya bluu inawaka kwa ndani, akaigusa kwa rungu lake kwa ushindi.

Leso ikaanguka. Alikuwa Mumo, amejaza meno usoni, mkononi ameshika simu ambayo Anti Kalunde alikuwa amempa.

Mzee Kuntai alicheka hadi akashika ukuta. Mbuzi wa faini akafungwa pamoja na wengine, na Saruni akaruhusiwa, hatimaye, kwenda mwisho wa mstari kumfunua Kaveke.

Jumatatu Kaveke alifika ofisini mapema. Alimkuta Purity kwenye dawati lake, anapokea simu kama kawaida, wala hakutaja Jumamosi. Kaveke alizunguka zunguka, akapanga kalamu, akamwagilia ua ambalo ni la plastiki. Halafu akavuta kiti.

"Purity, saa hii uko na nafasi?"

"Nilikuwa nakungoja unipe yako," Purity akasema, akiinuka tayari na sweta.

Mwezi wa nane Kaveke alichukua likizo, akaenda Kajiado kukaa siku chache kwa mama yake Saruni. Siku ya kwanza alitembea na simu mkononi. Siku ya pili aliiweka dirishani penye mtandao, akawa anapita pale kila alipopata sababu. Haikulia. Siku ya tatu hakuvumilia, akapiga mwenyewe.

"Kuna shida yoyote?" aliuliza.

"Hakuna," Purity akamjibu. "Mpangaji mpya ameingia jana, nimempa chumba. Pumzika, bwana."

Kaveke akakata simu. Alisimama pale dirishani muda, amekasirika kidogo bila kujua amkasirikie nani. Kisha mama yake Saruni akamwita kutoka nje aje ashike ndama, kwa sababu maziwa yalikuwa yanachelewa, naye akavua viatu akatoka.